Sauti ya Mama Kapya Nyuma ya Kamba

Nimewadharau watu wengi maishani mwangu, na wengi wao walistahili. Lakini Symphorien nilimdharau kwa bidii, bila kupumzika hata Ijumaa.

Tulikuwa majirani miaka kumi na sita katika cité ya watu weusi ya Élisabethville, ua kwa ua. Mimi Aruna, muuza nyama ya mbuzi, mtoto wa wangwana, Waislamu wa Maniema. Yeye karani. Karani wa nini? Wa kubandika karatasi za majina kwenye masanduku ya vitambaa! Lakini ukimwona asubuhi na koti, tai na kofia, ungedhani Gavana amemwachia funguo za nchi. Nilipokuwa nanoa visu vyangu alipita na kunitupia "Bonjour, Monsieur Aruna" ya puani. Kuniita Papa, kama majirani wote walivyoniita, hakuweza. Eti ni ya kijijini.

Na marehemu baba yake alikuwa mtu kweli. Alitandika reli kwa mikono yake miwili, akala bukari, ugali wetu, kwa furaha, akafa na marafiki. Mwanawe bukari haigusi. Anakula mkate, tena kwa uma. Jamani, mkate kwa uma! Nilishuhudia kwa macho yangu kupitia dirishani, na sikuona haya kuchungulia.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya kadi. Siku zile serikali ya Wabelgiji ilitoa kadi kwa mtu mweusi waliyemwona amestaarabika, évolué, kama walivyosema. Ukiiomba, kamati inakuja kwako. Wanafunua vyungu vyako, wanakagua choo chako, wanauliza kama mkeo anakula mezani. Mtu mzima na ndevu zake anasimama pembeni ya choo chake mwenyewe, anangoja kusifiwa! Symphorien alikaguliwa mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa angoje. Akangoja, tai shingoni.

Sasa sikia jambo moja kuhusu ndoa yake, maana kila kitu kinatoka hapo.

Mkewe Agnès, mwanamke mpole kupita anavyostahili mume yule, ni mtoto wa Mama Kapya wa Pweto, kule ziwani. Kwa watu wa kule, mwanaume akioa, yeye na mama mkwe hawatazamani. Hawasemezani. Hawali pamoja. Akimwona anakuja njiani, anaingia majanini mpaka apite. Na mama akitamka neno, mkwe hafungui kinywa juu ya neno lake, hata nyumba iwe inaungua. Si uadui, ni heshima. Tena ina mwisho wake: siku moja mama anapika kuku na bukari, anakuja na shangazi zake, wanamlisha mkwe wao mbele ya watu, naye anatoa kitambaa. Wanaita kumuingiza mukwe. Kuanzia siku hiyo amekuwa mtoto wa nyumba, anasalimiana na mama, anacheka naye, wanagombana wakitaka.

Mama Kapya alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza baada ya harusi, alipanda lori la samaki siku tatu na kuku wake kikapuni. Symphorien akamtumia ujumbe kwamba yeye si ng'ombe wa kuingizwa zizini. Mara ya pili, alipozaliwa mjukuu wake Clément, akaja tena na kuku mwingine. Jibu lile lile. Kuku akapanda lori kurudi Pweto, na nadhani hakuna kuku aliyetembea Katanga kuliko yule.

Basi, umekataa mila, si ndiyo? Umekuwa mtu mpya, mwili na roho? Thubutu! Kila Mama Kapya alipokuja mjini kuuza samaki wakavu, alifikia kwa ndugu zake, akaja mchana kumsalimia mwanawe. Na kila alipotokea kwenye kona ya barabara, Symphorien aliruka ua wangu. Nilimkuta mara nyingi amechuchumaa nyuma ya ngozi zangu za mbuzi, tai shingoni, kofia kifuani.

"Si unasema ni ushenzi?" nilimuuliza.

"Iko bushenzi kabisa, Monsieur Aruna," akanong'ona. "Amesha kupita?"

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mila ambayo ingemfungua aliikataa, na ile iliyomfunga ilibaki mwilini mwake. Watu husema mkataa kwao ni mtumwa. Symphorien hata utumwa ulimshinda.

Mwaka 1953, Clément akiwa na miaka kumi na minne, alipata nafasi kwenye shule ya ufundi kule Jadotville. Mtoto mwerevu, mikono yake ya babu yake. Lakini shule ilitaka kila mwanafunzi alipiwe mapema sanduku, mablanketi, viatu jozi mbili, mavazi ya kazi na nauli ya treni. Jumla franka elfu moja na mia mbili, na mwisho wa kulipa ulikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa saba. Usipolipa, nafasi anapewa mwingine. Agnès alikuwa amekusanya mia tisa kwa kukaanga maandazi. Zilibaki mia tatu, na mia tatu hizo zilikuwa na miguu minne.

Maana Wazungu walikuwa na maonyesho yao kila kipwe, kiangazi chetu, vumbi likishakuwa jingi na baridi ya asubuhi ikiuma. Waliita foire. Watoto wa shule walipewa mwezi wa kwanza kazi ya kufuga mnyama au kulima bustani, kisha mwezi wa saba vitu vyao vinapigwa mnada na fedha inakuwa ya mtoto. Mama Kapya alisikia habari hiyo, akaleta kutoka Pweto mwanambuzi mweusi kwa lori lile lile la samaki.

"Mujukulu," alimwambia Clément, "hii mbuzi iko yako. Uilishe muzuri, itakupeleka mbali."

Mbuzi alilala nyuma ya nyumba yangu miezi sita, kwa sababu Symphorien aliogopa kamati itasikia harufu. Clément alikuja alfajiri na pumba, akaja jioni na majani. Alimsugua kwato. Alimpangusa macho. Mimi nimeshika mbuzi tangu ujana wangu, na wallahi, mbuzi yule alikuwa mbuzi.

Siku ya mnada ilikuwa Jumamosi. Uwanja ulikatwa katikati kwa kamba. Mbele ya kamba viti, na kwenye viti Wazungu na kofia zao nyeupe. Nyuma ya kamba sisi, wima. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, waliweka benchi moja mbele ya kamba kwa ajili ya évolué. Benchi lenyewe lilikuwa la kufulia nguo, bado lina alama za sabuni. Symphorien alikaa hapo tangu saa moja, mgongo umenyooka, akitazama mbele tu asije akaonekana anatujua.

Kwa hiyo hakuona kwamba mama mkwe wake alikuwa nyuma ya kamba, hatua kumi kutoka kisogoni mwake. Mama Kapya alikuwa amekuja kumwona mbuzi wake akiuzwa. Mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, kitambaa cha buluu kichwani, amesimama kati yangu na Agnès.

Dalali alikuwa mkulima mmoja Mzungu mwenye sauti ya ng'ombe na Kiswahili chao kile cha kuamrisha mbwa. Walianza na vyakula vya wasichana: kabichi, mikate, mitungi ya jamu ya mapera. Bibi mmoja alinunua jamu kwa franka hamsini, akapigiwa makofi, akaiacha chini ya kiti chake. Nzi wakaila. Ndiyo moyo wao wa huruma, huo.

Halafu wakaja wanyama wa watoto weusi. Wanyama hao Wazungu hawakuwagusa, walituachia sisi wauza nyama. Clément alimleta mbuzi wake, wote wawili wamepangusa nyuso. Kuna mwenzangu alinipandishia bei kwa ujinga wake, lakini nilimchukua mbuzi kwa mia tatu na kumi. Alikuwa na thamani yake. Nilimchinja Jumatatu, na Clément alijua nitamchinja. Mimi ni muuza nyama, si mtawa.

Sheria yao ilisema fedha ya mtoto anapokea baba. Symphorien akainuka benchini, akapokea mia tatu na kumi, akazitia mfukoni pamoja na mia tisa za Agnès. Hizo alizibeba tangu asubuhi, eti mwanaume ndiye anayekwenda kulipa shuleni. Agnès alinitazama akatabasamu. Elfu moja na mia mbili, na kumi ya ziada. Mtoto amefika.

Maskini, hakumjua mume aliyezaa naye.

Mnyama wa mwisho alikuwa kondoo dume wa mtoto wa Bwana Prezida. Prezida huyu alikuwa mkuu wa maonyesho, mwenye shamba kubwa nje ya mji, na juu ya hayo alikaa kwenye kamati ya kadi. Kijana wake hakuwahi kumlisha kondoo yule hata siku moja. Boi alimfuga, boi alimwosha kwa sabuni, boi alimfunga utepe. Kondoo alipopiga chafya, mfugaji wetu alirukia nyuma ya mama yake. Lakini alipotangazwa, Wazungu wote walipiga makofi kana kwamba amemzaa.

"Nani nasema mia tano?" dalali akanguruma.

Na benchini kwa wastaarabu, mkono ukapanda. Mkono wenye saa. Symphorien!

Wazungu wakageuka kumtazama, na nikaona vinywa vyao vikikunjika kwa kicheko. Bwana mmoja mnene, mwenye mgodi mdogo wa chokaa, akampigia wenzake jicho.

"Mia sita," akasema.

"Mia saba!" Symphorien akasema, na akamwinamia Prezida. Alimwinamia, nasema!

Yule mnene akasema mia nane, polepole, kama anayemrushia mbwa mfupa. Symphorien akasema mia tisa. Wazungu wakagongana viwiko. Kwao ulikuwa mchezo. Kwake ilikuwa kadi: nani atamnyima ustaarabu mtu aliyenunua kondoo wa Bwana Prezida kwa bei ya ng'ombe? Na sanduku la Clément lilikuwa linaondoka, viatu jozi mbili vinaondoka, treni inaondoka, yote kwa ajili ya kondoo mwenye utepe.

Agnès alinishika mkono. "Papa Aruna, saidia. Feza yote ya mutoto iko mu mufuko yake. Umwambie aache."

Nilipita chini ya kamba, nikamfikia benchini, nikamwinamia sikioni. "Symphorien, una wazimu? Hiyo ni fedha ya mtoto."

Hata hakugeuza shingo. "Monsieur Aruna, je vous en prie, tafadhali. Hii haiko soko ya cité."

Ningemzaba kofi. Mpaka leo najuta kwamba sikumzaba. Askari mmoja akanionyesha kamba kwa fimbo, nikarudi nyuma.

"Elfu moja," alisema yule mnene, akijifuta machozi ya kicheko.

"Elfu moja na hamsini!" Symphorien.

"Elfu moja na mia moja."

Nilimwona Clément pembeni ya uwanja, ameshika kamba tupu ya mbuzi wake. Alikuwa ameelewa. Hakulia. Alikuwa anaizungusha kamba mkononi, anaizungusha, anaizungusha.

Symphorien akasimama kabisa. Akaweka sawa tai yake. Akavuta pumzi ya kutamka mfuko mzima, elfu moja na mia mbili.

"Elfu moja na mia mbili!"

Lakini haikuwa sauti yake. Ilitoka nyuma ya kamba, nyembamba, kavu, ya mwanamke. Mama Kapya alikuwa ameinua mkono.

Ningependa ungemwona Symphorien. Kinywa kilikuwa wazi kikafungwa. Bila kutazama nyuma, maana hakuhitaji kutazama, alitoka benchini, akachuchumaa kwenye vumbi na kuvuta koti juu ya kichwa chake. Mbele ya Bwana Prezida. Mbele ya mabibi na jamu zao. Évolué wetu, mtu wa uma, amejikunja kama mvulana wa ziwani aliyekutana na bukwe, mama mkwe wake, kwenye njia ya kisimani.

"Nani nasema?" dalali akauliza. Watu wakamwonyesha. "Wewe mama, iko na feza?"

"Hapana, Bwana," Mama Kapya akasema. "Niko na samaki."

Mungu wangu! Nyuma ya kamba tulicheka mpaka kamba ikatikisika. Dalali akawa mwekundu, akafuta bei ya mama, akamgeukia Symphorien. "Wewe! Nasema elfu moja mia mbili? Nasema ao hapana?"

Koti likatikisika, lakini halikutoa neno. Na Mama Kapya hakuondoka. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alijua kwamba akigeuka tu na kwenda zake, mkwe wake atapata sauti. Basi alisimama pale pale, mikono kifuani, na machozi yakamtoka, kwa sababu aibu ile ilikuwa yake pia. Mama hapazi sauti juu ya mkwe wake mbele za watu. Kwao hilo ni jambo la kutubia. Alilifanya wazi wazi, jua likiwaka, kwa ajili ya sanduku la mtoto.

"Moja, mbili, tatu!" Nyundo ikagonga. Kondoo akaenda kwa aliyetaja bei ya nyuma yake, yule bwana mnene wa chokaa, kwa franka elfu moja na mia moja.

Kicheko kikamkauka. Akasema ulikuwa mzaha. Bwana Prezida, ambaye mwanawe alikuwa akihesabu vidoleni, hakuona mzaha wowote. Wakazozana kwa Kifaransa mpaka kofia zikaanguka. Mtu anayecheza na mfuko wa maskini akilipa yeye, mimi nalala vizuri.

Jumatatu Agnès mwenyewe alikwenda kulipa. Fedha aliichukua kwenye koti la mumewe lililotundikwa ukutani, na mumewe alitazama ukuta mwingine. Kadi, bila shaka, haikuja, mwaka ule wala mwaka uliofuata.

Mwezi wa tisa Clément alisafiri. Nilikwenda stesheni, nimempelekea kiuno cha mbuzi kilichokaushwa. Agnès alikuwepo, na Mama Kapya, aliyebaki mjini wiki zote zile ili amsindikize mjukuu wake. Sanduku lilikuwa jipya, la bati, limeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe.

"Kambo," Clément akamuuliza bibi yake, "Papa iko wapi?"

Sote tulijua alipo. Alikuwa nyuma ya magunia ya mahindi mwisho wa jukwaa, ncha ya kofia ikionekana. Ametoka nyumbani kumuaga mwanawe, akamkuta bukwe amesimama mlangoni mwa behewa. Basi akakwama. Miaka kumi na sita ya kusema ushenzi, ushenzi, na hatua ishirini zikamshinda.

Mama Kapya aliyatazama magunia yale. Kisha akamshika Clément kichwani kwa mikono yote miwili, haraka, akamwachia. Akavuta kitambaa chake cha buluu usoni.

"Ninaenda," akasema. "Baba yako iko na haya. Nitamupisha."

Akaondoka. Alikuwa amengoja wiki zote hizo ili auone moshi wa treni ile, na akaondoka kabla haijaondoka. Alitembea jukwaa lote bila kugeuka, akishika ukuta kwa kiganja, maana miguu yake ilikuwa ya kizee.

Na yule mpumbavu aliendelea kungoja! Hakutoka mpaka kitambaa cha buluu kilipopotea kabisa kwenye lango. Filimbi ikalia. Alipochomoka nyuma ya magunia treni ilikuwa imeanza kwenda. Alikimbia, koti likipepea, kofia ikaanguka, akaita, "Clément! Mutoto yangu! Clément!" Mtoto alitoa mkono nje ya dirisha mpaka begani. Havikugusana vidole vyao. Alisimama mwisho wa jukwaa, mikono imenyooka mbele yake.

Nilitafuta tusi la kumtukana. Nilikuwa nayo mengi siku zote. Nikaokota kofia yake, nikampangusia vumbi, nikampa.

Siku tatu baadaye, asubuhi, nilikuwa nanoa visu. Mama Kapya alikuwa amekwisha kupanda lori kurudi Pweto. Symphorien akasimama mlangoni pangu bila tai, na kitambaa kipya cha mwanamke kwapani, bado kina karatasi ya dukani.

"Lori ya Pweto inatokaka siku gani?" akauliza.

"Alhamisi," nikamwambia. "Lakini kule hakuna uma."

"Ninajua."

"Na kuku wako alishakufa zamani. Umemchelewa miaka kumi na minne."

"Ninajua, Papa Aruna."

Nikakiweka kisu chini. Nikamwambia afike mapema, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, maana lori la Pweto hujaa.